Molekuli Niliyoichora Manika

Baba yangu alikuwa anapima shaba kwa mwanga. Alifanya kazi hiyo katika maabara ya kampuni ya mgodi hapa Kolwezi tangu kabla sijazaliwa mpaka tulipofukuzwa. Mawe yaliletwa yakiwa yamekwisha kusagwa kuwa unga. Waliuyeyusha unga katika asidi, na maji ya buluu yaliyopatikana wakayamimina katika chupa ndogo ya kioo yenye pande nne. Chupa iliwekwa ndani ya mashine. Upande mmoja palikuwa na taa, upande wa pili palikuwa na kitu walichokiita jicho, na juu yake sindano. Shaba ikiwa nyingi, maji yanakula mwanga mwingi, sindano inasogea. Baba anaandika, anasuuza chupa, anaweka nyingine. Jioni vidole vyake vilinuka asidi hata alipokuwa anamega bukari, ugali wa kwetu.

Meza ya kazi aliishiriki na mwenzake mmoja, mtu wa kabila la Lunda kutoka upande wa Sandoa, aliyemzidi miaka michache. Sisi watoto tulimwita tata mukubwa, yaani baba mkubwa. Walikuwa wamekaa meza moja muda mrefu kiasi kwamba walikohoa kwa namna moja. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwetu, mtaa wa Dilala, katika zile nyumba za kampuni zenye paa la bati na ua mdogo nyuma, na watoto wake walikula kwetu bila kuuliza.

Sisi tulikuwa watu wa Kasai, mkoa mwingine. Kwa kweli aliyetoka Kasai ni babu, aliyeletwa kufanya kazi mgodini. Baba alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kasai yenyewe alikuwa hajaiona. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kiluba, lugha ya Kasai, mama alikitunza kwa ajili ya sala na kwa kutugombeza.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, Jumamosi moja, baba alinipeleka labo, maana hivyo ndivyo sote tulivyoiita ile maabara. Alinipa kipande cha karatasi nyeupe nikishike pale mwanga unapopita, kisha akaanza kuzungusha kitufe cha mashine polepole.

“Angalia karatasi, mama,” aliniambia. Aliniita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Doa la buluu lilitokea, likawa kijani, likawa manjano, likawa jekundu. Wekundu ukazidi, ukafifia, na karatasi ikabaki nyeupe tupu.

“Imezimika,” nilisema.

“Hapana. Iko inawaka. Angalia sindano.”

Niliondoa karatasi, na sindano ikaruka. Tata mukubwa, aliyekuwa anasuuza chupa kando yetu, alicheka. “Macho yako ndiyo imefika mwisho,” alisema. “Mwanga bado.”

Baba alinieleza kwamba maji ya shaba yana rangi ya buluu kwa sababu yanakula wekundu, lakini mahali yanapokula zaidi ni ng'ambo ya wekundu, ambako jicho la mtu halifiki. “Kila siku mi napima na mwanga yenye mi mwenyewe siwezi kuiona,” alisema. Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Alikuwa mtu asiyejisifu, ndiyo maana nikakumbuka.

Baada ya hapo mambo yalianza kuharibika. Sehemu ya mgodi mkubwa wa chini iliporomoka, na kazi nyingi zikasimama. Mawe ya kupima yakawa machache. Asidi ikachelewa, taa ya mashine ilipoungua ilikaa wiki nyingi bila kubadilishwa, na posho ya unga tuliyokuwa tunapewa na kampuni ikapungua hadi ikakatika. Watu wenye njaa walitafuta nani alaumiwe, na wanasiasa wakawaonyesha. Kwenye mikutano na redioni tulianza kusikia kwamba watu wa Kasai wamekula nafasi zote za kazi. Tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja alihamia dawati jingine. Nilimwona akifuta kiti chake kipya kwa mkono kabla ya kukalia.

Asubuhi moja kazini, msimamizi alisoma orodha ya majina. Jina la baba lilikuwamo. Aliambiwa avue koti la kazi, aliache mezani na asirudi tena. Baba alitusimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, na jambo alilolirudia mara mbili ni kwamba tata mukubwa alikuwapo pale, upande wa pili wa meza, na hakusema kitu.

Siku tatu baadaye vijana walikuja mtaani na fimbo na mapanga. Hawakutupiga. Walisimama uani wakatuhesabia muda wakati mama anafunga vyungu na blanketi ndani ya vitenge. Kiongozi wao alikuwa mtoto wa fundi seremala aliyetutengenezea kabati. Alilitazama lile kabati, kisha akatazama pembeni.

Tulikwenda stesheni kwa miguu kama wengine wote. Tulidhani tutalala siku mbili, treni ije itupeleke Kasai. Tulikaa miezi mitano. Maelfu ya watu walikuwa pale, chini ya maturubai na mabati yaliyokunjwa, pembeni ya reli na hadi ndani ya mabehewa mabovu. Maji yalikuwa ya shida, na choo kilikuwa porini. Mashirika ya kanisa yalileta unga na maharage. Baba alichonga kiti kwa mbao za sanduku, akakaa juu yake kila siku akitazama upande ambao treni ingetokea.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka miwili. Surua iliingia stesheni katika mwezi wetu wa tatu pale, ikapita kwa watoto mmoja mmoja. Alikufa asubuhi, saa mbili hivi, mikononi mwa mama. Hakukuwa na mbao za jeneza. Watoto wengine walizikwa katika vitenge.

Sijui nani alimpelekea tata mukubwa habari. Kabla ya adhuhuri alikuja akiwa amebeba kichwani sanduku la mbao, lile ambalo chupa za labo zilikuwa zikiletwa ndani yake kutoka ng'ambo, na ndani alikuwa ameweka majani makavu na kitambaa cheupe. Lilitosha kabisa. Yeye na baba walivuka reli, wakachimba wenyewe kwenye ardhi nyekundu nyuma ya mikaratusi. Mimi nilikwenda nao. Mama alikatazwa na wanawake wenzake.

Tuliporudi, tata mukubwa hakuondoka. Alisimama mbele ya baba akipangusa mikono kwenye suruali.

“Ba kampuni baliniambia niingie mu nyumba yenu,” alisema. “Kama siingie, mwengine ataingia. Mutu mubaya kunipita.”

Baba alikaa kwenye kiti chake cha mbao. “Ingia,” alisema.

Mama aliinua kichwa. Alikuwa hajazungumza tangu asubuhi. “Umeleta sanduku, kisha unaomba nyumba? Siku moja hiihii?”

“Mama, mi naona haya.”

“Ona haya kule. Hapa hakuna nafasi.”

Akaenda zake. Treni ilikuja baada ya miezi miwili. Safari ilichukua zaidi ya wiki mbili, na baadhi ya watu waliopanda nasi hawakushuka wazima. Kasai tulipokelewa na ndugu wa babu ambao hatukuwajua, watu maskini waliotupa nusu ya walichokuwa nacho. Shuleni walinicheka kwa Kiluba changu, wakaniita Mukatanga, mtu wa Katanga, mkoa wa Kolwezi. Nilipata alama nzuri katika kemia tu, kwa sababu mwalimu alifundisha kwa chaki bila chupa hata moja, na mimi nilikuwa nimeziona chupa. Jioni baba alinichorea mashine yake mchangani, sehemu kwa sehemu. Hakupata kazi nyingine ya labo maisha yake yote. Aliuza chumvi na sabuni.

Nitaruka miaka mingi, maana ilikuwa miaka ya kusoma na hakuna la kusimulia. Nilimaliza chuo kikuu, nikapata nafasi ya kusoma udaktari Ulaya, na huko nikaingia katika kazi ninayoifanya hadi leo: kubuni molekuli za kaboni zinazotoa mwanga ng'ambo ya wekundu, ule unaoitwa infraredi ya karibu.

Nieleze kidogo, kwa kuwa hata ndugu zangu huniuliza. Kwenye pua ya rimoti ya televisheni kuna kitaa ambacho ukikitazama hukioni kikiwaka, lakini televisheni inakiona. Hospitalini, kile kibanio wanachokuwekea kidoleni kupima hewa iliyo katika damu kinatumia mwanga wa namna hiyohiyo pamoja na mwekundu, kwa sababu unapenya nyama. Vitaa hivyo hutengenezwa kwa fuwele ngumu. Sisi tunataka kuvitengeneza kwa molekuli za kaboni, zinazopakwa kama rangi, tabaka jembamba sana juu ya plastiki laini, ili siku moja kipimo kibandikwe juu ya ngozi kama plasta na kisimuumize mtoto.

Molekuli hutoa mwanga pale elektroni iliyopandishwa juu inaposhuka. Ikishuka kutoka mbali sana, mwanga ni wa buluu. Ikishuka hatua fupi, ni mwekundu. Ikishuka hatua fupi zaidi, macho hayaoni. Kwa hiyo kazi ya mbunifu ni kufupisha hatua hiyo. Tunaunganisha sehemu inayopenda kutoa elektroni na sehemu yenye njaa ya elektroni, na tunarefusha njia kati yao. Hilo si gumu. Ugumu ni kwamba hatua ikiwa fupi, molekuli inapata njia rahisi ya kushuka bila kutoa mwanga wowote: inatetemeka tu, na nishati yote inakuwa joto. Ukiongeza wekundu, unapoteza mwanga. Wote tunaofanya kazi hii tunapigana na jambo hilo moja.

Nilirudi Kolwezi kufundisha kemia chuoni kwa muhula mmoja, nikabaki. Nilipanga vyumba viwili katika mtaa wa Manika, karibu na soko. Kwa kubuni molekuli sihitaji labo kubwa. Nahitaji penseli, karatasi na kompyuta inayoweza kukokotoa elektroni zitakaa wapi. Mwenzangu mmoja, mwanamke niliyesoma naye Ulaya, ndiye anayezipika kwenye chupa na kuzijaribu. Mimi nachora, yeye anapika. Umeme ukikatika Manika, hesabu ya siku mbili inapotea, naanza upya. Nilijifunza kuagiza kompyuta ihifadhi kazi kila baada ya nusu saa, na nikanunua betri ya gari.

Miaka miwili ya kwanza nilichora molekuli moja na kuirekebisha mara nyingi. Ilikuwa bapa kabisa, pete saba za kaboni, nitrojeni na salfa zimeshikana kama vigae, hakuna cha kutikisika. Hesabu zilisema itatoa mwanga vizuri. Mwenzangu aliipika, akaiyeyusha, ikatoa mwanga kweli. Alipoipaka kuwa tabaka kavu, ikafa. Nilibadilisha pembe, nikabadilisha mnyororo mwishoni. Kwenye maji ya kuyeyushia inawaka, ikikauka inakufa. Aliniandikia mara tatu kwamba tatizo ni ule ubapa wenyewe. Nilimjibu mara tatu kwamba hesabu zinaonyesha vingine. Nilikuwa nimeipenda.

Wakati huo wote nilikuwa sijafika Dilala. Kutoka kwangu ni dakika kumi na tano kwa taxi-moto. Nilipita barabara nyingine. Siku niliyokwenda sikuwa nimepanga. Mwendesha pikipiki aliuliza tunaenda wapi, nikataja mtaa wetu wa zamani.

Nyumba yetu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Mzee alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo.

“Karibu, mama. Unatafuta nani?”

“Ni mi, tata mukubwa. Mutoto wa mwenzako wa labo.”

Aliweka ungo chini. Alinitazama kwa muda, mikono juu ya magoti. “Ule mutoto wa kwanza?”

“Ule wa kwanza.”

“Baba iko?”

“Iko. Na mama iko.”

Aliinuka akaniletea kiti mwenyewe, ingawa wajukuu walikuwamo ndani. Tulizungumza kuhusu wanawe, kuhusu kampuni, kuhusu magoti yake. Kisha akasema, bila mimi kuuliza, “Siku ile balisoma majina, mi nilinyamaza.”

“Najua, tata.”

“Kama ningesema, bangenifukuza na mi.”

“Najua.”

“Hapana, haujue. Hata mi sijue. Labda habangenifukuza. Sikujaribu.”

Sikutaka kumpa neno la kumpoza. Alichukua tena ungo, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapo juu, kwa lugha ya labo, na yeye alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Aliuliza maswali ya mtu wa kazi: inayeyuka katika nini, inapimwa kwa jicho gani. Nikamwambia shida yangu.

“Kwenye maji inawaka?”

“Inawaka.”

“Na ikikauka?”

“Inakufa.”

“Basi zinakamatana,” alisema, kama anayezungumzia jambo dogo. “Kwa nini hauzitenganishe?”

Sisemi kwamba alinipa jibu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika fani hii anajua kwamba molekuli bapa zikilaliana kama sahani zinazimana, na mwenzangu alikuwa amekwisha kuniambia kwa maneno ya kitaalamu. Lakini nilijisikia nikianza kueleza kwa nini haiwezekani, na katikati ya sentensi nikaona kwamba ninatetea mchoro. Sentensi niliiacha hapo. Mzee akaendelea kuchambua maharage.

Kabla sijaondoka nilimwomba anipeleke nyuma ya stesheni, kwenye kaburi la mdogo wangu. Tulikwenda siku ya pili, yeye kwenye pikipiki moja, mimi kwenye nyingine. Mikaratusi ilikuwa imekatwa. Pale ambapo nilidhani ni mahali penyewe palikuwa na ukuta mrefu wa matofali, na nyuma ya ukuta malori yaliingia na kutoka na mchanga wa madini. Mzee alitembea kando ya ukuta akihesabu hatua kutoka kwenye reli, akarudi, akahesabu tena. Mara ya tatu alisimama.

“Iko mule ndani,” alisema. “Mita kumi, kumi na tano. Sijue kama bamechimba.”

Mlinzi alitoka kutuuliza tunataka nini. Nilimwambia tumepotea njia. Nilijuta baadaye kwamba sikusema ukweli; labda angetufungulia. Mzee alivua kofia, tukasimama kidogo mbele ya ukuta, tukaondoka.

Jumatatu nilianza mchoro mpya. Nilivunja ubapa. Katikati niliacha pete tatu tu, na pande zote mbili nikaweka mikono minene ya kaboni inayosimama wima, juu na chini, ili molekuli moja isiweze kulala juu ya nyingine. Nilibana sehemu zilizobaki zisitikisike ovyo. Hesabu zilikuwa mbaya kidogo kuliko za ile bapa, na niliuma meno nikazituma. Mwenzangu alichukua miezi minane kuipika, kwa sababu hatua moja ilimshinda mara nne na akalazimika kuingia kwa njia nyingine.

Picha ilifika mchana, nikiwa nasahihisha mitihani. Ilikuwa imepigwa kwa kamera inayoona ng'ambo ya wekundu: giza, na katikati yake mraba mdogo mweupe. Chini yake aliandika, “Kavu.” Mwanga ulikuwa hafifu, na kitaa kilidumu saa chache tu kabla ya kuungua. Lakini kilikuwa kikavu na kilikuwa kinawaka. Niliinuka nikazunguka meza. Hakukuwa na mtu wa kumwambia pale chuoni ambaye angefurahi inavyostahili, basi nikampigia baba.

Alitaka kwanza kujua ni mahali gani ng'ambo ya wekundu. Nilimwambia. Nikasikia mtu anaulizia sabuni dukani kwake.

“Mashine yetu ingeiona,” alisema.

Nilimwambia pia kwamba nimemwona mwenzake. Hakuuliza anaendeleaje. Aliuliza kama bado anachambua maharage mwenyewe.

Watu wa mikutano ya kisayansi, wakisikia nilikotoka, hupenda nieleze uhusiano kati ya kufukuzwa kwetu na molekuli zinazotenganishwa. Hakuna uhusiano. Molekuli hazina uchungu. Nilichora zile kwa sababu baba alikuwa na kazi nzuri na akanionyesha.

Molekuli ile haijauzwa dukani, na sidhani itauzwa. Nyingine tano zimetokana nayo, na mojawapo, ambayo mwenzangu aliipika kwa haidrojeni nzito ili ipunguze kutetemeka, inadumu vizuri zaidi. Wanafunzi wangu wawili wanachora zao sasa, kwenye kompyuta ileile, kwa zamu.

Kiangazi kilichopita mama alikuja kunitembelea. Nilimweleza mapema kuhusu ukuta, akasema hataki kuuona. Alikaa Manika wiki tatu, akaenda sokoni, akaenda kanisani, akalalamika kuhusu vumbi la malori. Dilala hakukanyaga. Siku moja, saa sita mchana, pikipiki ilisimama nje na mzee akashuka amevaa koti la Jumapili. Mama alikuwa jikoni. Nilimwambia nani amekuja.

Alikaa akipuliza makaa kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Kisha akasema, “Mwambie akae. Sombe haiyaiva.”

Tulikula pamoja, sisi watatu, bukari na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu. Walizungumza juu ya magoti, juu ya wajukuu, na juu ya padri mmoja wa zamani aliyekuwa akisinzia wakati wa maungamo. Mama alicheka mara moja. Mzee alipotaka kusema jambo jingine, sauti yake ikabadilika, mama alimwekea kipande cha pili cha samaki kwenye sahani.

“Kula, tata,” alimwambia. “Safari ya kurudi iko mrefu.”

Haikuwa ndefu, lakini alikula.